Kuku wa Wizi Ana Mnunuzi

Haya ni mazungumzo yetu kwa wahitimu wa kisomo. Tumeyaandika ili yasomwe tena kikundini, polepole, mmoja akisoma na wengine wakisikiliza.

Ndugu zetu wahitimu wa kisomo,

 

Leo hatukuja kuzungumza juu ya mbolea, wala juu ya kuchemsha maji. Tumekuja kuzungumza juu ya watoto wetu wanaoiba. Tunasema "watoto wetu" kwa makusudi. Kijiji kikiibiwa, watu husema, "Ah, ni watoto wa fulani hao." Lakini watoto wa fulani wamezaliwa hapa, wamebebwa migongoni hapa, na wanakula ugali wa hapa. Wakifaulu mtihani tunasema ni wetu. Basi na wakiharibika ni wetu vilevile.

Hebu tuanze na swali. Mtoto wa miaka 13 ameiba kuku wawili usiku. Kuku hao atawafanya nini? Kuwapika nyumbani hawezi, maana mama atauliza wametoka wapi. Kuwafuga hawezi, maana mwenye kuku anawajua kwa rangi na kwa sauti. Kuwala peke yake porini, labda mmoja. Sasa huyo wa pili anakwenda wapi?

Anakwenda kwa mtu mzima. Mtu mzima mwenye fedha mfukoni. Mtu huyo anamtazama kuku, anamtazama mtoto, na anajua kabisa kwamba mtoto yule hafugi kuku. Anatoa fedha kidogo, anachukua kuku, anafunga mlango. Asubuhi filimbi inapigwa. Anayetafutwa ni mtoto. Na yule mnunuzi? Yuko pamoja na watafutaji, ana fimbo mkononi!

Hili ndilo neno letu la leo. Mara nyingi nyuma ya mtoto anayeiba yupo mtu mzima anayefaidika, au mtu mzima asiyeangalia. Tukitaka wizi wa watoto upungue kijijini, tuanze na watu wazima.

Msituelewe vibaya. Hatusemi mtoto aachwe. Mama mjane mwenye kuku sita, kuku wake ndio madaftari ya wanawe, ndio chumvi, ndio dawa. Akiibiwa wawili, ameumizwa kweli. Machozi yake si ya mchezo. Mtoto aliyemwibia lazima ajue kwamba amemwumiza mtu. Lakini kumjulisha mtoto kosa lake ni jambo moja, na kumharibu kabisa ni jambo jingine.

WIZI UNA SAA YAKE

Mkulima anajua tabia za nguruwe. Anajua wanakuja wakati gani, wanapita wapi, na wanapenda nini. Ndiyo maana anajua mahali pa kulala akilinda shamba. Je, wizi wa kijijini kwetu tunaujua hivyo? Au tunapiga kelele tu kila unapotokea?

Wizi wa watoto una saa zake na miezi yake. Tuutazame pamoja.

Kwanza, upo wakati ambapo watoto wakubwa hawana la kufanya. Mtihani wa darasa la saba hufanyika mwezi wa Septemba. Kidato cha kwanza huanza Januari. Hesabuni kwa vidole: Oktoba, Novemba, Desemba. Ni zaidi ya miezi mitatu. Watoto wa miaka 13 na 14, wenye nguvu na akili inayochemka, wanaamka asubuhi na hakuna kengele inayowaita. Wazazi wako shambani. Mtoto hana shule, hana kazi, hana fedha. Ana marafiki tu. Mtoto mmoja asiye na kazi hulala. Watoto watano wasio na kazi hutafuta la kufanya.

Pili, ipo siku ya gulio au mnada. Siku hiyo kijiji kinajaa wageni na fedha inatembea. Wanunuzi wa kuku wako pale, wanunuzi wa chuma chakavu wako pale. Kitu kilichoibwa usiku wa kuamkia mnada kinapata mnunuzi kabla ya saa nne asubuhi, na jioni kimekwisha panda gari. Basi usiku huo ndio wa kukaa macho.

Tatu, upo wakati wa mavuno. Pamba, korosho, mpunga au kahawa ikinunuliwa, wako wakubwa wanaokula na kunywa mbele ya watoto. Mtoto aliyelima na baba yake tangu mvua ya kwanza, na hakupewa hata shati, anajifunza kuchukua fungu lake mwenyewe. Kilo mbili za korosho leo, kilo tano kesho. Anaanzia nyumbani kwao, kisha anahamia kwa jirani.

Nne, upo wakati wa njaa. Tutofautishe, jamani. Mtoto anayechimba muhogo wa watu mchana na kuutafuna palepale, huyo kwa kawaida ana njaa. Mtoto anayefungua paneli ya sola usiku, huyo kuna mtu anayemngoja. Mmoja anahitaji chakula. Mwingine anahitaji kuulizwa, "Nani alikutuma?" Tukiwapa wote viboko sawasawa, tutakuwa hatujatibu ugonjwa wowote.

Tano, watoto hawaibi peke yao kama watu wazima. Huenda wawili, watatu, wanne. Mmoja anaangalia njia, mmoja anaingia, mmoja anabeba. Wengi wao wangeachwa peke yao wasingethubutu. Hofu ya kuitwa mwoga inawashinda. Kwa hiyo mzazi asiulize tu, "Mwanangu yuko wapi?" Aulize pia, "Yuko na nani?"

HESABU YA WATOTO MIA MOJA

Wako watu wanaosema, "Vijana wa siku hizi wote ni wezi." Sisi tumejifunza kuhesabu. Basi tuhesabu.

Katika mji wa Philadelphia, nchini Marekani, wataalamu walichukua majina ya wavulana 9,945. Wote walizaliwa mwaka 1945. Waliwafuata kwenye vitabu vya shule na vya polisi mpaka walipotimiza miaka 18. Matokeo yalichapishwa katika kitabu mwaka 1972. Tukiyagawa ili tuseme "kwa kila wavulana 100", tunapata hivi:

Wavulana 65 hawakuandikwa na polisi hata mara moja.

Wavulana 35 waliandikwa angalau mara moja.

Katika hao 35, wavulana 16 walikosea mara moja tu, basi. Hawakuandikwa tena.

Wavulana 6 waliandikwa mara tano au zaidi.

Sasa sikilizeni hili. Hao sita peke yao walifanya zaidi ya nusu ya makosa yote! Makosa yote yalikuwa 10,214. Hao wachache walifanya 5,305.

Philadelphia si kijiji chetu. Ule ni mji mkubwa, na miaka mingi imepita. Lakini hesabu hii inatufundisha mambo mawili. La kwanza: mtoto aliyekosea mara moja si lazima awe mwizi maisha yake yote. Karibu nusu ya waliokosea waliacha wenyewe. Ukimpa mtoto huyu jina la "mwizi", ukalitangaza kisimani na kilabuni, unamfunga na jina ambalo yeye mwenyewe alikuwa anataka kulivua.

La pili: wanaosumbua sana ni wachache. Wachache wanaweza kujulikana kwa majina, na anayejulikana kwa jina anaweza kutembelewa nyumbani kwao. Kijiji chenye watoto 300 wa umri huo hakina haja ya kuwaogopa watoto 300. Kina haja ya kuwajua wale wachache, na kujua nyumbani kwao kuna nini.

NANI AMEFAIDIKA?

Turudi kwa kuku wetu. Tufanye hesabu nyingine, ya mfano tu.

Tuseme kuku mmoja sokoni ni shilingi 15,000. Mtoto ameiba kuku huyo, amemwuza kwa shilingi 5,000. Mwenye kuku amepoteza shilingi 15,000. Mtoto amepata shilingi 5,000, na amegawana na wenzake wawili. Mnunuzi ametoa shilingi 5,000, atauza kwa shilingi 15,000. Amepata faida ya shilingi 10,000 bila kuruka ua, bila kuogopa mbwa.

Nani amefaidika zaidi? Jibu mnalo.

Mtoto asiye na mnunuzi ataiba kuku mara moja, atahangaika naye, atamwachia njiani. Mara ya pili hatataka taabu hiyo. Lakini mtoto mwenye mnunuzi amepata kazi. Amepata na bosi. Leo ni kuku, kesho ni mbuzi, keshokutwa ni simu, betri na nyaya. Mnunuzi ndiye anayemwambia, "Kuku bei yake ndogo bwana, lete kitu cha maana." Huyo ndiye mwalimu wake.

Kununua mali huku unajua kwamba ni ya wizi, au una sababu ya kuamini hivyo, ni kosa la jinai. Kanuni ya Adhabu inasema hivyo. Mnunuzi anaweza kushitakiwa na kufungwa. Asiseme, "Mimi nilinunua tu." Mtoto wa miaka 12 akileta paneli ya sola mlangoni pako saa tatu usiku, sababu ya kuamini unayo.

Mkutano mkuu wa kijiji unaweza kuweka utaratibu ulio rahisi. Mtu asinunue kuku, mazao wala chuma kutoka kwa mtoto bila mzazi wake kuwapo. Wanunuzi wa chuma chakavu na wa kuku wajulikane kwa mtendaji wa kijiji, na waandike kwenye daftari: wamenunua nini, kwa nani, tarehe gani. Ninyi mnajua kusoma na kuandika. Daftari hilo mnaweza kulikagua wenyewe. Hapo kisomo kinalinda kuku!

WATU WAZIMA WENGINE

Mnunuzi si peke yake. Wako wengine.

Yuko muuza pombe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwuzia mtoto pombe na sigara. Mtoto ni mtu yeyote ambaye hajatimiza miaka 18, hata kama ameota ndevu. Pombe ya viroba vya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2017, lakini gongo ipo, na chupa ndogo za bei rahisi zipo. Mtoto anayekunywa Jumamosi anatafuta fedha za kunywa Jumatatu.

Yuko mwenye mashine za kubahatisha, zile za kutumbukiza sarafu. Michezo hiyo si ya watoto. Sheria inataka mchezaji awe ametimiza miaka 18. Mtoto anatumwa chumvi, anatumbukiza fedha ya chumvi. Amekosa. Anaogopa kurudi nyumbani mikono mitupu. Afanye nini? Anatazama banda la kuku la jirani. Mara nyingi wizi wa kwanza unaanza hivyo, kwa kufukia shimo dogo.

Yuko mwenye kibanda cha video anayepokea watoto wenye sare za shule saa nne asubuhi. Utoro ni dalili ya mapema. Mtoto haanzi kwa kuvunja duka. Huanza kwa kukosa shule siku moja, kisha siku tatu, kisha wiki. Mwalimu anaona. Mwenye kibanda anaona. Mzazi ndiye anayejua mwisho. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Yuko na mwajiri. Anamchukua mtoto achunge ng'ombe mwaka mzima kwa ahadi ya ndama. Mwaka ukiisha anasema, "Umepoteza mbuzi wangu mmoja, ondoka." Mtoto ametumika bure. Akirudi usiku kuchukua mbuzi, tunamwita mwizi. Naye amedhulumiwa kwanza.

Na nyumbani je? Wako watoto waliolelewa na bibi mzee asiyeweza tena kuwafuata. Wako wanaopigwa na baba wa kambo mpaka wanalala nje. Msichana akikimbia nyumbani, watu wanasema upesi, "Amekuwa mhuni." Ulizeni kwanza anakimbia nini. Msichana wa miaka 14 anayelala ovyo na kupewa fedha na wanaume, huyo si mkosaji wa kwanza katika jambo hilo. Wakosaji ni hao wanaume.

KIPIGO, VITISHO NA KUFUKUZA

Mtu atasema, "Maneno mengi ya nini? Wapigwe, wataacha."

Samaki mkunje angali mbichi, ni kweli. Lakini samaki anakunjwa, havunjwi.

Kumpiga mtuhumiwa mpaka afe, au kumvisha tairi na kumchoma, ni kuua. Si ulinzi, si adabu. Mtoto wa miaka 14 anaweza kufa kwa ajili ya kuku wa shilingi 15,000, na pengine kuku hakumwiba yeye. Kuku anaweza kulipwa. Mtoto akishafukiwa, nani atamlipa mama yake? Na waliopiga wataishi na damu ile, na sheria itawatafuta.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Wasukuma na Wanyamwezi walianzisha sungusungu kupigana na wezi wa ng'ombe. Walionyesha kwamba wanakijiji wakishikamana, wezi wanakimbia. Hilo ni jema, na ulinzi wa namna hiyo ulienea mikoa mingi. Lakini palikuwapo pia mahali ambapo watu walipigwa na kuuawa bila kusikilizwa. Tuchukue lile la kushikamana. Tuache lile la kutosikiliza.

Na vitisho? Miaka ya 1970, katika jela ya Rahway huko Marekani, vijana walipelekwa kuonyeshwa wafungwa. Wafungwa waliwafokea na kuwatisha ili waogope uhalifu. Watu wengi walishangilia. Lakini wataalamu walipofuatilia mipango ya namna hiyo, waliona vijana waliotishwa hawakuacha. Kwa jumla walikosea zaidi kuliko wenzao ambao hawakupelekwa. Hofu ya siku moja haishindi marafiki wa kila siku.

Na kufukuza? Mwaka 1983 serikali yetu ilitunga sheria iliyofahamika kama ya Nguvu Kazi. Mjini Dar es Salaam watu walioonekana hawana kazi walikamatwa, na wengi walirudishwa vijijini. Je, tatizo liliisha? Wengi walirudi tena mjini, maana kilichowaondoa kijijini kilikuwa bado kipo. Na jiji liliendelea kupata makundi ya vijana. Kundi lililoitwa Panya Road liliwatia watu hofu mwanzoni mwa mwaka 2015, kisha jina hilo likasikika tena mwaka 2022, vijana wakitembea kwa makundi na mapanga. Wengine walikuwa wadogo sana. Vijana wa namna hiyo hawakuanguka kutoka mawinguni. Kila mmoja ana mtaa, ana nyumbani, na ana siku aliyoiba kitu chake cha kwanza. Siku hiyo ndiyo tunayoitafuta sisi.

SHERIA INASEMA NINI

Tuijue sheria, tusije tukamkosea mtoto au tukajikosea wenyewe. Hapa tunasema juu ya Tanzania Bara.

Mtoto aliye chini ya miaka 10 hashitakiwi kwa kosa la jinai. Huyo ni wa kufundishwa na kulelewa.

Mtoto wa miaka 10 mpaka chini ya 12 hahesabiwi kuwa na kosa, isipokuwa ithibitike kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kuwa alichofanya hakifai.

Mtoto wa miaka 12 mpaka chini ya 18 anaweza kushitakiwa, lakini katika Mahakama ya Watoto. Mahakama hiyo haikai hadharani. Afisa ustawi wa jamii anakuwapo, na mzazi au mlezi anatakiwa kuwapo. Mtoto asichanganywe na watu wazima mahabusu. Mahakama hiyo haimfungi mtoto jela. Inaweza kumwachia kwa masharti, kumweka chini ya uangalizi, au kumpeleka shule ya maadilisho, kama ile ya Irambo mkoani Mbeya.

Kwa hiyo umri ni jambo kubwa. Cheti cha kuzaliwa, au kadi ya kliniki, kinaweza kumwokoa mtoto. Wazazi, tunzeni karatasi hizo.

TUFANYE NINI BASI?

Mtoto akikamatwa na kitu kidogo, kwa mara ya kwanza, tufuate njia hii.

Asipigwe. Apelekwe kwa mwenyekiti wa kitongoji, na mzazi au mlezi aitwe siku hiyohiyo. Mwenye mali naye aitwe. Mtoto aulizwe kwa utulivu: ulichukua nini, ulikuwa na nani, ulimwuzia nani. Swali la tatu lisisahauliwe!

Kisha mwenye mali aseme mbele ya mtoto jinsi alivyoumia. Mtoto amsikie mama mjane akisema, "Kuku wale nilitaka niwauze ninunue daftari." Mtoto asiyesikia hilo hajui alichofanya. Anajua kipigo tu.

Kisha pawe na malipo. Mnunuzi arudishe kuku au bei yake. Mtoto amwombe radhi mwenye mali, naye alipe kwa kazi anayoiweza na isiyomnyima shule: kuchota maji, kutengeneza banda la kuku alilolibomoa. Mzazi asimamie. Deni likiisha, jambo limeisha. Asiitwe mwizi tena. Mtu akimwita hivyo, wakubwa wamkanye.

Lakini jambo likiwa kubwa, kama silaha, kuumiza mtu, kubaka, au kuvunja nyumba, hilo halimalizwi kitongojini. Liende polisi. Vituo vingi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Afisa ustawi wa jamii aarifiwe. Na mtoto anayeteswa nyumbani, au jirani anayeona anateswa, anaweza kupiga simu namba 116 bila malipo. Sheria inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa, si wazazi peke yao.

Sasa tuje kwenye kuzuia, maana kinga ni bora kuliko tiba.

Mtoto aliyeacha shule anaweza kurudi. Tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu wanafunzi walioacha shule, pamoja na wasichana waliopata mimba, warudi masomoni. Na aliyeikosa kabisa shule ya msingi, uko mpango wa MEMKWA kwa ajili yake. Mwulizeni mwalimu mkuu au afisa elimu kata.

Ile miezi ya Oktoba, Novemba na Desemba tuipangie kazi. Fundi seremala achukue wawili, fundi baiskeli mmoja, fundi cherehani wawili. Si ajira, ni kujifunza. Mwanafunzi aliyemaliza darasa la saba anaweza kuwasomea wazee barua, au kumsaidia mwalimu wa kisomo. Mpira upo, na ngoma ipo. Lakini mpira peke yake hautoshi. Awepo mtu mzima pale uwanjani anayewajua kwa majina.

Mzazi naye ampe mtoto fungu la mavuno, hata dogo. Mtoto mwenye kuku wake mwenyewe watatu anajua uchungu wa kuibiwa kuku.

KAZI YA KIKUNDI

Ndugu zetu, tunamaliza kwa kuwapa kazi. Chukueni daftari moja la kikundi. Chora mistari mitano. Andikeni wizi wote mnaoukumbuka tangu mavuno yaliyopita: kitu gani, siku gani, saa ngapi, mahali gani, na kitu kiliuzwa wapi. Msiandike jina la mtoto yeyote. Daftari hili si la kushitaki. Ni la kujifunza.

Mkimaliza, jadilini maswali haya:

1. Je, wizi mwingi hapa kwetu hutokea miezi gani na siku gani?

2. Vitu vinavyoibwa na watoto hapa kwetu hununuliwa wapi?

3. Ni watoto wangapi wa darasa la saba wanaomaliza mwaka huu, na tutawapa kazi gani mpaka Januari?

4. Nani kati yetu atamtembelea bibi anayelea wajukuu peke yake?

5. Kuku akiibwa usiku wa leo, na mtoto akakamatwa, nani atasimama mbele ya watu na kusema, "Asipigwe"?

Swali la tano msilijibu kwa pamoja. Kila mmoja alijibu kwa jina lake mwenyewe, maana siku hiyo watu watakuwa na hasira, na anayesema "asipigwe" atakuwa peke yake mwanzoni. Wakiwapo watatu walioahidiana mapema, mtoto atafika salama kwa mwenyekiti. Ndipo lile swali jingine litakapoulizwa, lile ambalo mwenye fimbo hataki liulizwe: ulimwuzia nani?